Fulana, kanga au kikapu? Kuchagua zawadi na vifungashio kwa kituo cha urithi Mwanza

Kituo cha utamaduni kikiamua kufungua duka dogo la zawadi, mtu wa kwanza kupigiwa simu huwa mchapaji wa fulana. Mimi hupigiwa baadaye, fulana zikiwa zimeshajaa kabatini. Kazi yangu ni kuchora na kupanga vifungashio kwa vikundi vya urithi hapa Mwanza na visiwani, na ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wale ambao bado hawajatoa oda, fedha bado iko mkononi, na wanataka kujua waiweke wapi.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kikapu kilichoko kwenye rafu ya makumbusho kipo pia sokoni, na sokoni kina bei nafuu zaidi. Mgeni anayenunua kwenu analipia mnachokijua kuhusu kikapu hicho: kimesukwa wapi, kwa majani gani, kilitumika kwa nini, nani bado anajua kukisuka. Kwa hiyo kila bidhaa naipima kwa swali moja. Je, inafika nyumbani kwa mnunuzi ikiwa na maarifa yenu, au inafika na jina lenu tu?

Wanaoingia mlangoni

Kuna wanafunzi wa ziara, wenye elfu moja au mbili mfukoni. Kuna wenyeji na watoto wa Kanda ya Ziwa wanaoishi Dar, Dodoma au nje ya nchi, ambao wakija likizo wanataka kitu cha kwao cha kupeleka. Na kuna watalii. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yako jirani na barabara ya Musoma, na barabara hiyohiyo ndiyo inayokwenda lango la Ndabaka la Serengeti. Mtalii wa namna hiyo yuko safarini. Akipanda ndege ndogo za ndani ya hifadhi, mzigo wake mara nyingi haupaswi kuzidi kilo 15, tena kwenye begi laini. Kinyago kizito au chungu kizuri ataishia kukipiga picha.

Watu wengi hupanga bidhaa kwa kumfikiria mtalii peke yake. Ningeanza na yule wa pili, mwana wa nyumbani, kwa sababu anarudi kila mwaka na ana ndugu wengi wa kuwapa.

Fulana dhidi ya kanga

Faida za fulana zinajulikana. Mchapaji yupo kila mtaa, kila mtu anavaa, na anayeivaa anawatangaza bure. Tatizo ni hesabu. Chukua saizi nne, rangi tatu na michoro miwili: tayari una aina 24 za fulana. Ukiweka tanotano tu ya kila aina, ni fulana 120. Zitaisha L nyeusi, zitabaki S za njano, na fedha yako imelala humo. Juu ya hapo unashindana na mitumba ya soko la Mlango Mmoja, ambako mtu anapata fulana nzito ya pamba kwa bei ambayo wewe hata gharama ya kuchapa hairudishi.

Ukiamua kuchapa hata hivyo, chagua njia kwa kuangalia idadi na kitambaa. Skrini inafaa pamba na oda kubwa: wino unashika kwenye nyuzi na unavumilia kufuliwa, ila kila rangi ya mchoro inataka skrini yake, kwa hiyo mchoro wa rangi moja ndio wenye faida. DTF, yaani picha inayochapwa kwanza kwenye filamu kisha ikahamishiwa kitambaani kwa joto, inakuwezesha kuchapa hata fulana moja yenye picha ya rangi zote, lakini picha inakaa juu ya kitambaa, ukipapasa unasikia utando, na ukiipiga pasi moja kwa moja unaiharibu. Sablimesheni, yaani wino unaogeuzwa mvuke kwa joto, ni ya poliesta nyeupe na vikombe. Kwenye pamba haishiki, na atakayekuambia inashika mwombe akufulie sampuli mara tatu kabla hujamlipa.

Kanga haina saizi. Hilo peke yake linaokoa nusu ya mtaji. Bibi wa Magu anajifunga, mgeni anatandika mezani, mama anambebea mtoto. Inakunjwa ikawa nyembamba kuliko daftari na haivunjiki. Na kwa msanifu, kanga imeshagawanywa sehemu zake tangu zamani: pindo kwa ajili ya nakshi, mji kwa ajili ya picha kuu, jina kwa ajili ya maneno. Hakuna bidhaa nyingine dukani ambayo mnunuzi anatarajia kuisoma. Ukiandika methali iliyochaguliwa na wazee wenyewe, si ile iliyozoeleka kwenye kanga za kila duka, umempa mtu sababu ya kuuliza maana, na swali hilo ndilo kazi ya makumbusho.

Ugumu wake ni oda. Kiwanda cha nguo hakiwashi mashine kwa doti kumi, kinataka mzigo mkubwa ambao kikundi kidogo hakiwezi kuubeba wala kuuhifadhi. Njia ya katikati ni batiki, au skrini ya rangi moja kwenye kitambaa cha marekani, ile pamba isiyopaushwa. Batiki ina uzuri wake, kwani nta haimwagiki mara mbili kwa namna moja na kila kipande kinatoka tofauti. Lakini rangi yake huchuja kama fundi ameharakisha. Lowesha kitambaa cheupe, sugua kona ya batiki kwa nguvu, tazama. Kikitoka na rangi, rudisha mzigo.

Kuna jambo jingine linaloipa nguo nafasi ya pekee huku kwetu, nalo ni pamba. Usukuma ndio moyo wa kilimo cha pamba nchini. Mbegu zilizopandwa na vizazi vya wakulima wetu, kama UK 77 na UK 91, zina herufi hizo mbili kwa sababu zilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi. Shirikisho la ushirika la Victoria, lililoundwa 1955 na Paul Bomani akiwa miongoni mwa waasisi wake, lilijengwa juu ya pamba ya mkulima aliyechoka kupunjwa kwenye mizani. Habari hiyo inatosha kikadi kizima cha maelezo cha kufungia kwenye kitambaa, na wageni wengi hawajawahi kuisikia. Sharti ni moja: usiandike "pamba ya Usukuma" kwenye lebo kama hujui kitambaa kimetoka wapi. Sehemu kubwa ya fulana tupu zinazouzwa madukani zinatoka nje ya nchi. Andika historia ya pamba kama historia, na asili ya kitambaa kama ilivyo.

Mkoba wa marekani

Hapa ndipo ninapoelekeza vikundi vingi. Mkoba wa marekani unashonwa na fundi yeyote mwenye cherehani, unachapwa skrini ya rangi moja, hauna saizi, hauvunjiki, na ni kifungashio na bidhaa kwa wakati mmoja. Anayenunua kikapu anaondoka nao, anayenunua kadi mbili anaununua peke yake. Mwanafunzi hawezi bei yake, hilo nakubali.

Angalia mambo mawili. Mikanda ishonwe kwa alama ya msalaba ndani ya mraba, si mstari mmoja, maana mkoba ukikatikia sokoni wenye aibu ni nyinyi. Na kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Marekani hunywea, mchoro uliokuwa mraba ukageuka pembe nne isiyoeleweka.

Kuhusu mchoro wenyewe, nina ombi kwa watu wa Mwanza. Jiwe la Bismarck ni zuri, lakini liko kwenye kila kalenda, kila fulana na kila tangazo la hoteli. Kituo cha urithi kina vitu ambavyo wengine hawana. Bujora ina banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ina historia ya padri mmoja wa White Fathers kutoka Kanada, David Clement, aliyekusanya ngoma, vyombo na masimulizi ya Wasukuma wakati ambapo wengi waliviona ni vya kuachwa. Na ina Bulabo, sherehe ya kila Juni ambapo makundi ya ngoma yanapambana, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi.

Ushindani huo ni dizaini tayari. Tengeneza mkoba mmoja, mchoro mmoja, rangi mbili, huu wa Bagika na huu wa Bagalu. Mwenyeji hatauliza bei, atauliza wa upande wake uko wapi. Mgeni ataletewa mikoba miwili mbele yake na atalazimika kusimuliwa tofauti kabla ya kuchagua. Rangi za pande hizo waulizwe wachezaji wenyewe, msibuni mezani.

Kazi za mikono

Kikapu kina heshima ambayo kitu cha kuchapwa hakitaifikia, na pia kina kazi nyingi zaidi kwa anayekiuza. Kila kimoja kinatoka tofauti, kwa hiyo huwezi kuagiza "mia moja vinavyofanana" na usivitarajie. Unachoweza kuagiza ni ubora, na ubora unakaguliwa kwa mkono. Mimi hukiinua kikapu kuelekea dirishani, nikaangalia mwanga unapopita: ukipita sawasawa pande zote, mfumaji alikuwa na mkono mtulivu, ukipita kwa madoa, kuna mahali uzi umelegea. Nakiweka mezani nikibonyeza mdomo wake upande mmoja, na kikiyumba kitako hakikuanzwa vizuri. Nakinusa. Harufu ya ukungu haiondoki kwa kuanikwa siku moja. Mwisho nasugua mistari ya rangi kwa kitambaa chenye maji, kama kwenye batiki. Kikundi kikijua kwamba utakagua hivyo, mzigo wa pili unakuja bora bila maneno mengi.

Magugu maji nayo yanasukwa vikapu na mikeka, na watalii wanayapenda. Ni habari nzuri ya ziwa, ila isemwe kwa ukweli. Mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaenea katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaziba mialo na kuwasumbua wavuvi. Kikapu chake ni ubunifu wa watu wa ziwa wa leo. Kukiuza kama "ufundi wa mababu" ni kudanganya, na makumbusho haipaswi kudanganya hata kwenye lebo ya elfu tano. Kwa upande wa utunzaji, magugu maji yanavuta unyevu upesi. Yakisukwa kabla hayajakauka sawasawa, kufika masika yameota ukungu ndani ya stoo.

Ngoma ndogo zinaonekana kama chaguo la wazi, maana ngoma ndiyo roho ya Usukuma. Nazipenda, lakini kwa mteja wa nyumbani na kwa shule. Mtalii anayekwenda Australia au New Zealand atakutana na wakaguzi wa mipaka wanaotazama kwa makini ngozi mbichi, mbegu, na mbao zenye matundu ya wadudu. Kitu chake kinaweza kuzuiwa, au akatozwa gharama ya kukitibu. Ni haki yake kuambiwa hilo kabla ya kulipa. Jembe dogo la mhunzi, kwa kumbukumbu ya bugobogobo ambako vijana hucheza na majembe kama walivyokuwa wakilima kwa ngoma, ni wazo zuri sana. Mwambieni tu mgeni aliweke kwenye begi la kupakiwa, asipande nalo ndani ya ndege.

Malipo ya mafundi yanahitaji neno. Vituo vingi huchukua kazi kwa mali kauli: mama analeta vikapu, vikiuzika analipwa. Naipinga njia hii. Mfumaji hana mtaji wa kuwakopesha makumbusho. Nunueni vichache kwa fedha taslimu, mvimiliki, kisha mtajitahidi kuviuza.

Itatokea pia mzee akaja na kigoda cha babu yake, au mkuki, anataka kuuza. Msikiweke dukani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya namna hiyo na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Zaidi ya sheria, kituo kinachouza vitu vya kale kinajila chenyewe. Kipokeeni kwenye mkusanyo kwa makubaliano, halafu mwombeni fundi atengeneze kigoda kipya kwa kukitazama kile. Kipya hicho ndicho cha kuuza, na kiandikwe wazi kuwa ni kipya.

Vidogo vya bei ndogo

Kadi za posta, vialama vya kitabu, sumaku za friji, vishikio vya funguo. Hivi ni vya mwanafunzi na vya mgeni mwenye ndugu kumi. Kadi ya posta ndiyo bora kati yao, kwa sababu upande wa nyuma una nafasi ya maelezo. Kikombe chenye "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kinauzika sana kwa wenyeji, lakini ni kizito, kinavunjika na kinataka boksi lake. Sumaku na vishikio vya funguo vinaletwa kwa jumla kutoka mbali na kubandikwa picha. Weka vichache kama lazima.

Vya kula

Matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni zawadi ya kweli ya Usukuma, na mtoto wa Mwanza aliyeko Dar akiviona vimefungwa vizuri atachukua pakiti tatu. Gharama iko kwenye taratibu. Tangu 2019 usajili wa vyakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, na pakiti inahitaji jina la mzalishaji, uzito halisi, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kikundi kisicho na sehemu safi ya kukaushia kisianze na hili. Chenye sehemu hiyo kiende kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana uzoefu wa kusaidia wajasiriamali wadogo kwenye usindikaji na ufungashaji. Dagaa wa kukaanga tuwaachie wauza dagaa wa Mwaloni. Duka lenye vitambaa halivumilii harufu yao.

Visivyochapwa

Msichape ajali ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria. Ilikuwa 21 Mei 1996, na makaburi ya pamoja yako Igoma. Familia bado zipo. Kumbukumbu hiyo ina mahali pake ndani ya maonyesho, kwa heshima, si kwenye kikombe.

Msichape Nembo ya Taifa kupamba bidhaa, kwani matumizi yake yana sheria yake ya 1971 na yanahitaji idhini. Msitumie picha ya mchezaji bila ridhaa yake na makubaliano ya malipo yaliyoandikwa. Na kwa vitu ambavyo watemi walivaa au kushika katika kutawazwa, kaeni na wazee na ukoo husika kwanza. Wakisema kitu fulani hakichorwi, basi hakichorwi. Mnabaki na vingi vya kuchora.

Vifungashio

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia 1 Juni 2019, kwa hiyo hiyo haimo kwenye ulinganisho. Iliyoshika nafasi yake ni ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, yenye kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba. Inaruhusiwa na ni rahisi. Hata hivyo imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki, na ikichoka inachanika vipande vinavyopeperuka mpaka ziwani. Nembo ya kituo kinachozungumzia ziwa siioni ikikaa vizuri juu yake.

Mfuko wa khaki ndio mwanzo mzuri kwa duka dogo. Unapatikana kwa ukubwa wote, na hauna haja ya kuchapwa kiwandani. Chonga muhuri wa mpira wenye nembo na jina la mahali, ununue wino mmoja mzuri, mgonge wenyewe kadiri mnavyouza. Mkibadilisha namba ya simu mnachonga muhuri mwingine, hamtupi maboksi elfu moja. Kasoro yake ni maji. Siku ya mvua khaki inalegea mikononi, na kwenye stoo yenye unyevu inajikunja. Hifadhini juu ya mbao, si sakafuni.

Boksi la karatasi ngumu linaheshimisha kitu, na kwa kikombe au chungu halina mbadala. Lakini lina gharama tatu ambazo watu husahau: kisu cha kukatia umbo, nafasi ya kuhifadhi, na muda wa kuliunda. Kama mnaagiza, agizeni yanayokuja yamelala bapa na kujifunga bila gundi. Kikapu hakihitaji boksi. Kukifungia kikapu ndani ya boksi ni kukificha kwa wenye kutaka kukishika.

Kwa vituo vya upande wa Bukoba kuna nguo ya gome la mti, ufundi unaojulikana Kagera na hasa kwa jirani zetu Waganda, ambao ufundi wao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Kipande kidogo chake kilichofungwa kwenye pakiti ya kahawa kinapendeza kuliko utepe wowote. Kwa Mwanza nisingekichukua, kwa sababu habari yake ni ya kule.

Mara nyingi nashauri kitambaa kinachobaki kwa fundi wetu wa mikoba, kikakatwa utepe wa kufungia. Hakina gharama na kinafanana na bidhaa nyingine za duka.

Kikadi

Kama fedha inatosha kwa kitu kimoja tu cha ziada, iwe hiki. Karatasi ya manila ya A4 inatoa vikadi vinane vya ukubwa wa A7, na steshenari yoyote inachapa. Toboeni tundu, fungeni kwa uzi wa pamba. Stika msitumie kwenye majani, zinabanduka kwa unyevu na zikibandukia kwenye kapu zinaacha gundi.

Kikadi ninachokutana nacho mara nyingi kinasema: "Kikapu cha asili cha Kisukuma. Kimetengenezwa kwa mikono. Asante kwa kuunga mkono utamaduni wetu." Hakuna hata neno moja ambalo mnunuzi hakulijua kabla hajaingia. Kilinganishe na hiki, nilichokiandika kama mfano:

"Kimesukwa Kisesa, mkoani Mwanza, kwa nyasi za bondeni zilizokatwa baada ya mvua. Mfumaji alianza katikati ya kitako akazunguka kwenda juu. Fuata mstari mweusi kwa kidole utaona alipobadilisha nyasi. Nyumbani hutumika kuwekea nafaka iliyopepetwa. Kikilowa, kianike kivulini. Ni kipya, si kitu cha kale."

Sentensi ya mwisho inamsaidia mnunuzi akiulizwa uwanja wa ndege. Ile ya kidole inamfanya akishike na kukitazama. Jina la mfumaji liwekwe kama mwenyewe anataka. Wengine wanafurahi sana, wengine hawataki majirani wajue wanachopata, na wote waheshimiwe.

Kiswahili kitangulie, Kiingereza kifuate. Mstari wa Kisukuma ukiwepo usomwe kwanza na mzee anayekizungumza kila siku, kwa sababu makosa ya tahajia kwenye lugha ya wenyewe yanawaumiza wenyewe. Msimbo wa QR unaweza kuongezwa kwa ajili ya sauti ya ngoma, mradi kikadi kinajitosheleza bila simu. Mistari ya bakodi, zile namba zinazoanzia 620 kwa zilizosajiliwa Tanzania, ni za bidhaa zinazokwenda supamaketi. Kwenye duka lenu wenyewe hazina kazi.

Uchaguzi wangu

Kwa kikundi kinachoanza, kati ya kila shilingi 1,000,000 ya mtaji ningetenga 400,000 kwa mikoba ya marekani ya mchoro mmoja, kila mkoba kwa rangi moja kati ya mbili, 300,000 kununua vikapu taslimu kutoka kundi moja la wafumaji, 150,000 kwa kadi za posta na vialama vya vitabu, na 150,000 iliyobaki kwa vikadi, muhuri na mifuko ya khaki. Wengi hushangaa hiyo ya mwisho kuwa kubwa kiasi hicho. Ndiyo inayotofautisha duka lenu na meza ya mmachinga wa Makoroboi.

Kituo chenye wageni wengi wa nyumbani, na chenye stoo kavu, kiweke akiba kwa ajili ya kanga, tena kitafute vituo viwili vitatu vya kanda viagize mzigo kwa pamoja: mji mmoja, pindo moja, mgawane doti. Kilicho Ukerewe kifikirie uzito na maji kuliko vyote, maana kila kitu kinapanda kivuko mara mbili. Hapo mkoba na kadi zinashinda, boksi linashindwa.

Fulana zibaki za oda. Kwa Bulabo, orodha ya majina na saizi ikusanywe mwezi Mei, kila mtu atoe nusu ya bei, ndipo skrini ichongwe. Zinazochapwa ziwe zile zilizolipiwa, na labda za ziada chache za L.